Ufunguo Unaojulikana: Motokaa Inapokataa Kuwaka

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Tabora. Haya ndiyo maneno kama yalivyosemwa redioni. Mwalimu wa darasa ayasome tena polepole, kisha wanafunzi wasome wenyewe kwa zamu.

Hamjambo nyote mliokusanyika darasani jioni hii, hapa Tabora mjini, na huko Sikonge, Nzega, Urambo na Kaliua. Natumaini kazi za mchana zimekwisha salama, na kila mmoja ana daftari na kalamu mbele yake.

Kwanza tuandike maneno ya leo. Mwalimu atayaandika ubaoni, nanyi mtayanakili. Neno la kwanza ni UFUNGUO. La pili, BETRI. La tatu, STATA. La nne, CHIPU. La tano, KUSAJILI. La sita ni neno geni, basi tuligawe vipande: I-MO-BI-LAI-ZA. Imobilaiza. Msiliogope. Kabla ya somo kwisha mtakuwa mnalifahamu vizuri, kama mnavyofahamu jembe na shoka.

Pengine mmoja wenu atauliza, "Bwana Elimu, mimi sina motokaa. Somo hili lanihusu nini?" Nami namjibu: hata asiye na motokaa hupanda ya mwenziwe, na siku ya ugonjwa hubebwa ndani yake. Tena somo la leo si la motokaa peke yake. Ni somo la kujua kilichoharibika kabla ya kutoa fedha. Sikilizeni kisa.

KISA CHA BABA MDOGO

Mwaka 2021, mwezi wa Julai, nilikwenda Usoke kumtembelea Baba mdogo. Usoke ni kituo cha reli baina ya Tabora na Urambo. Baba mdogo ana motokaa ndogo iliyotumika Japani kabla ya kuletwa kwetu. Kwa motokaa hiyo hubeba abiria kwenda Tabora na kurudi.

Nilifika siku ya Alhamisi, nikamkuta amekaa chini ya mwembe, ameshika tama.

"Shikamoo, Baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umefika siku mbaya. Motokaa imekufa."

Akanieleza. Jumanne ilifanya kazi kutwa nzima bila taabu. Jumatano asubuhi ikakataa kuwaka. Vijana waliisukuma mpaka wakachoka, haikuwaka. Akaitwa fundi. Fundi akatazama, akasema kwamba kontroli boksi, yaani ile kompyuta inayoongoza injini, imekufa kabisa. Alitaka shilingi 550,000 ili alete nyingine.

Sasa, mle nyumbani mlikuwamo shilingi 600,000, lakini fedha hiyo ilikuwa na kazi yake. Mama mdogo alikuwa na mtoto wa jicho. Jicho lake la kulia lilikuwa limeingia ukungu, na Jumatatu iliyofuata alikuwa aende hospitali mjini Tabora kupasuliwa. Fedha ile ilikuwa ya matibabu, nauli na chakula cha siku zote za huko. Baba mdogo alikuwa amekwisha kumwahidi fundi kwamba jioni ile atamlipa.

"Jicho litangoja," akasema. "Motokaa isipotembea, tutakula nini?"

Mama mdogo alikuwa mlangoni, akasikia. Hakusema neno.

Kisa hiki tukiache hapo kidogo. Nitarudi kwake baada ya kueleza kifaa chenyewe.

LANGO LILILOFUNGWA

Ninyi nyote mmesikia habari za njia ya zamani ya misafara. Ilitoka Bagamoyo pwani, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe, hapa Tabora petu, kisha ikaendelea mpaka Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika. Wapagazi wa Kinyamwezi walipita humo na pembe za ndovu mabegani. Kwa huzuni kubwa, watumwa nao walipitishwa njia hiyo hiyo.

Mwaka 1871 Mtemi Mirambo, ambaye jina lake tunalikuta katika jina la Urambo, alipigana na wafanyabiashara Waarabu wa Unyanyembe, akaifunga njia ya Ujiji. Mgeni mmoja aliyeitwa Stanley alikuwa hapa wakati huo, akimtafuta Livingstone. Alikuwa na watu wenye nguvu na mizigo tayari. Ardhi ya kukanyaga ilikuwapo vile vile. Lakini ruhusa ya kupita haikuwapo. Ilimbidi azunguke mbali upande wa kusini ndipo afike Ujiji.

Tazameni sasa. Mtu ambaye angeona msafara ule umesimama Tabora, angeweza kusema, "Wapagazi wamechoka." Angekosea. Nguvu ilikuwapo, ila lango lilikuwa limefungwa. Na motokaa ni vivyo hivyo. Pengine injini ni nzima, petroli imo, betri ina nguvu, lakini mlinzi wa lango hajatoa ruhusa. Mlinzi huyo ndiye imobilaiza.

NDANI YA UFUNGUO

Motokaa za zamani ziliwashwa kwa ufunguo wa chuma tu. Mwizi aliyejua kuunganisha nyaya chini ya usukani aliweza kwenda nayo. Ndipo watengenezaji wakaongeza mlinzi. Tangu Oktoba 1998 kila motokaa ndogo mpya iliyouzwa Uingereza na katika nchi nyingine za Umoja wa Ulaya ilipaswa kuwa naye. Kanada nayo ililazimisha hivyo mwaka 2007. Motokaa zinazoletwa kwetu kutoka Japani, nyingine zinaye, nyingine hazina.

Mlinzi huyu afanyaje kazi? Katika kichwa cha plastiki cha ufunguo mna kitu kidogo sana kiitwacho chipu. Chipu imehifadhi namba yake ya siri. Kuizunguka swichi, pale unapochomeka ufunguo, pana pete ya waya iitwayo koili. Ukifungua swichi, koili huiamsha chipu na kuiuliza, "Wewe ni nani?" Chipu hujibu kwa namba yake. Kompyuta ya motokaa hutazama katika orodha yake. Namba ikiwamo, injini huruhusiwa kuwaka. Namba isipokuwamo, injini hunyimwa petroli au moto wa plagi, na katika aina nyingine hata stata haizunguki.

Kutia namba ya ufunguo katika orodha ile ndiko kunakoitwa KUSAJILI ufunguo. Kwa hiyo basi, ukichongesha ufunguo wa chuma sokoni, huenda utafungua mlango, utaingia swichini na kuzunguka vizuri, lakini injini haitawaka. Chuma kimelingana, jina halimo katika orodha.

Jambo jingine la kukumbuka: chipu ya ufunguo wa kuchomeka kwa kawaida haina betri. Hupata nguvu yake kutoka koili. Betri ndogo iliyomo katika ufunguo wa namna hiyo ni ya rimoti ya milango tu. Ikiisha, milango haitafunguka kwa kubonyeza, lakini injini itawaka.

Motokaa za kuwasha kwa kitufe ni tofauti kidogo. Ufunguo wake hutumia betri yake kuzungumza na motokaa. Betri ikiisha, motokaa husema ufunguo haupo. Usifadhaike. Ndani ya ufunguo huo huwa kumefichwa ufunguo mdogo wa chuma wa kufungulia mlango. Ingia, kanyaga breki, kisha katika aina nyingi ulete ufunguo karibu sana na kitufe, hata uguse, ndipo ubonyeze. Baadaye nunua betri nyingine. Namba yake imeandikwa juu yake, kwa mfano CR2032. Mtu ajuaye kusoma hataandikiwa namba na mwuza duka. Ataisoma mwenyewe na kudai ile ile.

KUPIMA KABLA YA KULIPA

Sasa tuandike. Motokaa ikikataa kuwaka, fanya mambo haya kwa taratibu.

1. Washa taa kubwa, kisha piga stata. Taa zikififia sana, au ukisikia tik-tik tu, shaka ya kwanza ni betri. Tazama vichwa vya betri kama vimelegea au vimeota unga mweupe. Betri dhaifu huweza pia kumchanganya mlinzi, kwa hiyo hii ndiyo hatua ya kwanza siku zote.

2. Stata ikizunguka kwa nguvu lakini injini haishiki, au inashika na kuzimika baada ya sekunde moja au mbili, tazama dashibodi. Tafuta taa ndogo yenye picha ya ufunguo au ya motokaa na kufuli. Katika motokaa nyingi taa hii huwaka na kuzimika ufunguo ukiwa umetolewa. Hiyo si hitilafu, ni mlinzi yuko zamu. Lakini ukichomeka ufunguo na kufungua swichi, yapasa izimike. Ikiendelea kupepesa, mlinzi hajautambua ufunguo.

3. Stata ikizunguka na taa ile ikazimika kama kawaida, basi mlinzi ametoa ruhusa. Tafuta kosa kwingine: petroli, pampu, plagi au fyuzi.

4. Ikiwa mlinzi ndiye anayekataa, toa ufunguo, ngoja kidogo, ujaribu tena. Jaribu ufunguo wa pili ukiwa nao. Ukikubaliwa, kosa liko katika ufunguo wa kwanza. Zikikataliwa zote mbili, huenda kosa liko katika koili, nyaya au kompyuta. Hapo ndipo fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta anapohitajiwa.

5. Jiulize, na uandike: ni kitu gani kilichobadilika tangu ilipowaka mara ya mwisho?

Wala msiisukume motokaa ambayo mlinzi wake amekataa. Kusukuma humsaidia mwenye betri dhaifu na gia za mkono. Hakubadili orodha ya mlinzi.

DAFTARI LA MAMA MDOGO

Tumrudie Baba mdogo. Nilikwenda naye kwenye motokaa. Taa kubwa ziliwaka vizuri. Stata ilizunguka kwa nguvu. Lakini taa nyekundu ya ufunguo iliendelea kupepesa hata swichi ilipofunguliwa. Nikajua kwamba ufunguo haukutambuliwa. Kwa nini haukutambuliwa? Ulikuwa ufunguo ule ule wa Jumanne. Hapo elimu yangu ilifika kikomo. Nina diploma ya chuo kikuu, lakini jibu sikuwa nalo.

Nikauliza, "Tangu Jumanne kuna kitu gani kilichobadilika?"

Baba mdogo akasema, "Hakuna."

Ndipo Mama mdogo alipoingia ndani, akatoka na daftari. Yeye hakupata kwenda shule utotoni. Alijiunga na darasa la jioni akiwa na wajukuu, akajifunza kusoma na kuandika. Tangu hapo yeye ndiye aliyeandika hesabu ya motokaa kila siku. Alilisogeza daftari karibu na jicho lake zima, akasoma taratibu, akifuata mstari kwa kidole:

"Jumanne. Abiria tisa. Petroli shilingi elfu thelathini. Jioni, jirani ameacha ufunguo wa motokaa yake. Anakwenda Kigoma kwa treni."

Nikamgeukia Baba mdogo. "Ufunguo huo wa jirani uko wapi?"

"Huu hapa. Nimeutia katika pete yangu, usipotee. Ni amana ya mtu."

Kweli, katika pete moja mlikuwa na funguo mbili zenye vichwa vyeusi, kila mmoja una chipu yake. Baba mdogo alipochomeka wake, wa jirani ulining'inia pale pale kando ya swichi. Koili ilipouliza, "Wewe ni nani?", chipu mbili ziliamka pamoja na kujibu pamoja. Watu wawili wakitaja majina yao kwa sauti moja langoni, bawabu hasikii jina la yeyote.

Nikautoa ufunguo wa jirani nikampa Mama mdogo. Baba mdogo akafungua swichi. Taa nyekundu ikazimika. Akapiga stata, injini ikashika mara moja.

Baba mdogo alikaa kitini bila kusema, mikono yake juu ya usukani. Kisha akasema, "Mke wangu, ningeliuza jicho lako kwa sababu ya pete ya funguo."

Jioni fundi alikuja. Tulimweleza. Hakukasirika. Alisema hakuuliza habari za pete, naye alipaswa kuuliza. Baba mdogo alimlipa ujira wa kuja kwake, wakaagana kwa heshima. Sikusimulieni haya ili mwadharau mafundi. Fundi ni kama mganga wa hospitali: humtibu vizuri yule awezaye kueleza ugonjwa ulianza lini na ulianzaje.

Jumatatu Mama mdogo alipelekwa hospitali kwa motokaa ile ile, na fedha yake yote ikiwa mkobani.

UFUNGUO WA PILI

Lakini kisa hakikuishia hapo. Niligundua kwamba Baba mdogo alikuwa na ufunguo mmoja tu. Hii ni hatari ambayo wenye motokaa wengi wanayo, nao hawaioni mpaka siku ufunguo unapopotea porini au kuanguka kisimani.

Ufunguo mmoja ukiwa ungali hai, kusajili wa pili ni kazi nyepesi zaidi kwa fundi mwenye mashine. Funguo zote zikipotea, kazi huwa kubwa na fedha huwa nyingi. Katika aina nyingine hapana budi kuifungua au kuibadili kompyuta yenyewe. Mtu hachimbi kisima siku nyumba inapoungua. Basi sajili ufunguo wa pili leo, uuweke nyumbani, mbali na wa kwanza.

Ukienda kwa fundi wa funguo, shika mambo haya:

Chukua funguo zote ulizo nazo na kadi ya motokaa. Fundi mwema atataka kujua kwamba motokaa ni yako. Usichukizwe naye, anakulinda wewe.

Ikiwa kuna ufunguo uliopotea, mwombe aufute katika orodha. La sivyo, aliyeuokota aweza kuwasha motokaa yako.

Kabla ya kulipa, jaribu kila ufunguo peke yake, mara mbili: mlango na injini. Ufunguo mwingine uwe mbali.

Dai risiti. Uisome kabla hujaondoka.

Na kichwa cha plastiki kikivunjika, usikitupe. Chipu imo humo, nyingine ni ndogo kama punje ya mchele. Watu wengi wamenunua kichwa kipya, wakahamisha chuma, wakatupa cha zamani jalalani pamoja na chipu. Kesho yake husema motokaa imerogwa.

Kuna pia watakaokushauri umwondoe mlinzi kabisa ili taabu iishe. Fikiri kwanza. Taabu itakwisha kwako, na kwa mwizi pia.

MASWALI YA DARASA

1. Kwa nini ufunguo uliochongwa sokoni huweza kufungua mlango lakini usiwashe injini?
2. Taa ya ufunguo ikipepesa wakati motokaa imefungwa na ufunguo umetolewa, je, ni hitilafu?
3. Ni mstari gani wa daftari la Mama mdogo uliookoa fedha ya jicho lake?
4. Andika mistari mitatu juu ya chombo chochote cha nyumbani kwako kilichoharibika, kama baiskeli, redio au cherehani. Kiliharibika siku gani? Kabla ya hapo kilifanya kazi namna gani? Kitu gani kilikuwa kimebadilika?

Swali la nne ndilo kubwa kuliko yote. Mwalimu ayakusanye majibu na kuyasoma darasani wiki ijayo.

Mama mdogo sasa anasoma kwa macho yote mawili, na daftari lake ni la nne. Katika ukurasa wa kwanza wa hilo la nne ameandika kwa herufi kubwa: FUNGUO ZA WATU ZIKAE MSUMARINI. Msumari wenyewe uko nyuma ya mlango, nami nimeuona.

Kwaherini, mabibi na mabwana. Tutasikilizana tena wiki ijayo, saa hizi hizi.